Leseni, Idhini na Uoanifu: Istilahi za Mitambo ya Gemu

Utangulizi

Miongoni mwa maswali yanayoletwa mezani petu na wafasiri, limo moja ambalo kwa mtazamo wa kwanza laonekana dogo. Mfasiri aliyepewa kazi ya kutia katika Kiswahili karatasi ya maelezo ya mtambo wa kuchezea gemu alikutana na onyo linalomtahadharisha mnunuzi asitumie vifaa ambavyo havikupewa leseni na mtengenezaji. Akaandika: "Ni marufuku kutumia vifaa haramu." Mhariri wake akaifuta sentensi hiyo na kuandika: "Usitumie vifaa bandia." Wakashindwa kuafikiana, na hatimaye wakatuuliza ni ipi kati ya hizo mbili iliyo sahihi. Tulilazimika kuwajibu kwamba hakuna.

Kosa hilo halikutokana na uzembe. Limetokana na kukosekana kwa mipaka iliyo wazi baina ya mambo manne: kitu kupewa ruhusa na mwenye chapa, kitu kuweza kufanya kazi pamoja na kingine, kitu kukubaliwa na sheria, na kitu kughushiwa. Mambo haya hukutana mara nyingi, lakini si mamoja. Mfasiri akiyachanganya, mfanyabiashara aliyeagiza bidhaa zake kwa njia ya haki aweza kuitwa mdanganyifu, na mnunuzi aweza kutupa kifaa kizuri kwa kudhani kwamba amevunja sheria. Katika makala hii tunakusudia kuyatenganisha mambo hayo kwa kufuata historia ya mitambo ya gemu, kwa kuwa humo ndimo yalimobishaniwa kwa uwazi mkubwa, hata mbele ya mahakama. Mwishoni tutatoa mapendekezo ya istilahi.

1. Vitu vyenyewe na majina yake

Kabla ya kueleza mahusiano, sharti tuvitaje vitu. Neno "mchezo" limebeba mizigo mingi: mpira, mbio, tamthilia, hata mzaha. Kwa hiyo tunaona ni busara kulipokea neno "gemu", ambalo vijana wamekwisha kulipa makao, liwe na maana moja tu, yaani mchezo uchezwao kwa programu na kuonekana katika kioo. Kifaa kinachoiendesha tunakiita "mtambo wa gemu". Tumeepuka "mashine ya michezo" kwa sababu msomaji wa Kiswahili akilisikia jina hilo hufikiri kwanza mashine za kamari.

Kwa kile kibweta cha plastiki kilichohifadhi gemu katika mitambo ya zamani, "kaseti" latosha. Wajapani nao hukiita kwa neno lililotokana na asili hiyohiyo.

Kifaa anachokishika mchezaji kina matatizo zaidi. Katika vibanda vya gemu huitwa "pedi", lakini neno hilo limekwisha kuchukua maana ya taulo za kike, na mwalimu atakayelitumia darasani hatakosa kuchekwa. Tunapendekeza "kidhibiti". Iwapo kidhibiti kina mti wa kusukuma huku na huku, mti huo ni "wenzo". Na kikiwa na umbo la gurudumu la gari, huo ni "usukani".

Vilevile tutofautishe "kipuri" na "kifaa cha nyongeza". Kipuri huchukua nafasi ya kiungo kilichoharibika, kama vile kitufe kilichovunjika. Kifaa cha nyongeza huongeza jambo ambalo halikuwamo katika mtambo ulipouzwa, mathalani kidhibiti cha pili, usukani au adapta.

2. Leseni: nani humpa nani?

Neno "leseni" lilipoingia katika Kiswahili lilivaa joho la serikali. Tuna leseni ya udereva, leseni ya biashara, leseni ya uvuvi. Katika zote hizo anayetoa ni mamlaka ya nchi, na asiyekuwa nayo huwa amevunja sheria. Ndiyo maana mfasiri wetu alipoona "bila leseni" aliteleza moja kwa moja hadi kwenye "haramu".

Katika biashara ya gemu, leseni haitolewi na serikali. Ni mapatano baina ya watu au makampuni mawili: mwenye haki fulani humruhusu mwingine aitumie kwa masharti na kwa malipo. Kutokuwa na leseni ya namna hii si kosa peke yake. Huwa kosa tu iwapo jambo lililofanywa lilihitaji ruhusa hiyo kisheria. Hapo ndipo penye kiini cha mambo.

Mtambo wa Atari uliotolewa nchini Marekani mwaka 1977 haukuwa na kizuizi chochote cha kuwakataza watu wengine kuutungia gemu. Mwaka 1979 baadhi ya watunzi wa gemu wa Atari waliiacha kampuni hiyo, wakashiriki kuanzisha Activision, wakawa wanatengeneza kaseti za mtambo uleule. Makampuni mengine yakafuata. Kaseti zikafurika madukani, nyingi zikiwa hafifu, na mwaka 1983 soko la gemu la Marekani likaporomoka.

Kampuni ya Nintendo ya Japani ilipoingia katika soko hilo mwaka 1985 ilikuwa imejifunza somo hilo. Mtambo wake wa Famicom, uliotolewa Japani mwaka 1983, haukuwa na kizuizi. Lakini ule uliopelekwa Marekani ulitiwa chipu maalumu, na kila kaseti ikatiwa chipu mwenzake. Mtambo ulipowashwa, chipu hizo mbili zilianza kutoa mfululizo mmoja wa namba kwa mwendo mmoja. Namba zikilingana, gemu iliendelea. Zisipolingana, mtambo ulijizima na kujiwasha tena na tena. Kwa kuwa chipu ya mtamboni imefungwa humo daima kama vile kitasa kilivyofungwa mlangoni, tunapendekeza iitwe "chipu ya kitasa", na ya kwenye kaseti iitwe "chipu ya ufunguo". Neno "kufuli" halifai, maana kufuli huondolewa na mwenye nalo.

Aliyetaka ufunguo alipaswa kukubali masharti. Mtunzi mwenye leseni aliruhusiwa kutoa gemu zisizozidi tano kwa mwaka. Hakuruhusiwa kuitoa gemu hiyohiyo kwa mtambo mwingine wa nyumbani kwa muda wa miaka 2. Na kaseti zilitengenezwa na Nintendo yenyewe. Katika habari hizi zote serikali haijatajwa. Aliyezikataa shuruti hizo hakuwa mhalifu, bali alikuwa mtu asiye na ufunguo.

Swali la sheria lilizuka pale mtu alipojitengenezea ufunguo. Atari Games, iliyokuwa imechukua leseni ya Nintendo, iliamua kujitenga na kuuza kaseti zake kwa jina la Tengen. Ili kuielewa programu ya chipu ya kitasa, mawakili wake waliomba nakala yake katika Ofisi ya Hakimiliki ya Marekani mwaka 1988 kwa kudai kwamba ilihitajiwa kwa ajili ya kesi iliyokuwapo, hali kesi hiyo haikuwapo. Mahakama ya rufani ilipotoa uamuzi mwaka 1992, ilithibitisha zuio dhidi ya Atari Games. Lakini msomaji aangalie sababu. Mahakama ilikubali kwamba kuichambua programu ili kuelewa mawazo yaliyomo kwaweza kuwa matumizi ya haki. Kilichoiponza Atari Games ni kuipata nakala kwa hila, na kuiga katika programu yake zaidi ya yale yaliyohitajika. Hatia haikuwa kukosa leseni.

3. Sentensi iliyosema uongo

Kesi ya pili yawahusu zaidi watu wa lugha, kwa kuwa ndani yake mna sentensi iliyoshtakiwa.

Kampuni ya Accolade ya Marekani ilitaka kutoa gemu kwa mtambo wa Sega uitwao Genesis huko Marekani na Mega Drive kwingineko, bila kuchukua leseni. Wahandisi wake walinunua mtambo na kaseti, wakazisoma programu za kaseti hizo hadi wakafahamu kinachotakiwa ili mtambo uipokee gemu. Kazi hii ya kufungua kilichokwisha kuundwa ili kujua kilivyoundwa haina jina lililokubalika kwetu. Tunalo neno zuri la mafundi cherehani na wasusi, "kufumua". Tunapendekeza "ufumuaji wa programu".

Sega nayo ikatoa toleo jipya la mtambo. Toleo hilo lilitafuta mahali fulani katika gemu herufi nne za jina SEGA. Zikiwapo, mtambo ulionyesha kwa sekunde chache maneno yanayosema kwamba gemu imetengenezwa na Sega au kwa leseni yake, kisha gemu ikaanza. Zisipokuwapo, gemu haikuanza. Accolade ikatia herufi hizo nne katika gemu zake. Matokeo yake, mtambo wa Sega ukawa unawatangazia wachezaji kwamba gemu za Accolade zina leseni ya Sega, jambo ambalo halikuwa kweli. Sega ikashtaki kwamba jina lake limetumiwa vibaya, na kwamba ufumuaji ule ulikiuka hakimiliki.

Mwaka 1992 mahakama ya rufani ya majimbo ya magharibi iliamua kwamba ufumuaji, ukiwa ndiyo njia pekee ya kuyafikia mambo yasiyolindwa na hakimiliki, na ukifanywa kwa sababu ya haki, ni matumizi yanayoruhusiwa. Ilibainisha kwamba sehemu iliyohitajika kuufungua mtambo ilikuwa baiti 20 hadi 25 tu, ilhali gemu za Accolade zilikuwa na baiti kati ya 500,000 na 1,500,000. Ama kuhusu ile sentensi ya uongo, mahakama ilisema kwamba lawama kubwa ni ya Sega yenyewe, kwa sababu ndiyo iliyoyafunga maneno ya leseni pamoja na herufi ambazo mtambo ulizihitaji ili ufanye kazi. Mwaka uliofuata kampuni hizo mbili zilipatana.

Funzo kwa mfasiri ni hili: Sega iliyafanya mambo mawili yawe kitu kimoja, yaani uwezo wa gemu kufanya kazi mtamboni, na tamko kwamba ina leseni. Mahakama iliyatenganisha. Nasi katika Kiswahili yatupasa tuyatenganishe.

4. Uoanifu

Uwezo wa vitu viwili kufanya kazi pamoja umepewa majina kadhaa na wafasiri. Wapo wasemao "ulinganifu", lakini ulinganifu ni wa vitu vinavyofanana, na kidhibiti hakifanani na mtambo. Wapo wasemao "utangamano", lakini neno hilo limekwisha kukabidhiwa mambo ya umoja wa nchi za Afrika Mashariki. "Upatanifu" lina haki yake, ila liko karibu mno na "upatanishi", na katika maandishi ya kisheria ukaribu huo ni hatari.

Tunapendekeza "uoanifu", kutokana na kitenzi "kuoana". Kimaumbo neno hili lafuata njia inayojulikana, kama "tii" ilivyotoa "utiifu" na "angalia" ikatoa "uangalifu". Wako watakaosema kwamba kuoana ni kwa mume na mke. Lakini Waswahili husema pia kwamba rangi mbili zaoana, na kwamba maneno ya mtu hayaoani na matendo yake. Aidha, neno hili hutupa sifa, "kidhibiti oanifu", na kitenzi, "kidhibiti hiki chaoana na mtambo ule".

Uoanifu una ngazi zake. Ya kwanza ni ya umbo: plagi ihusianayo na tundu. Mtambo wa Atari wa mwaka 1977 ulikuwa na tundu la pini 9 kwa ajili ya kidhibiti, na umbo hilo likatumiwa baadaye na Commodore 64 na hata Mega Drive. Ya pili ni ya ishara za umeme na kanuni za mawasiliano. Kidhibiti cha Mega Drive huingia katika mtambo wa Atari na kuendesha gemu, lakini ni kitufe kimoja tu kinachofyatua. Hapo twasema kwamba uoanifu wa umbo ni kamili na uoanifu wa utendaji ni wa sehemu. Kinyume chake pia hutokea: mtambo wa kwanza wa Xbox, wa mwaka 2001, ulitumia mawasiliano ya USB kwa vidhibiti vyake, ila tundu lake lilipewa umbo jingine.

Kuna pia uoanifu wa mtambo mpya na gemu za mtambo uliotangulia. Tafsiri ya neno kwa neno, "uoanifu wa nyuma", haimwelezi msomaji chochote. Tuseme "uoanifu na matoleo ya awali". Mfano wake ni PlayStation 2 ya mwaka 2000, iliyocheza karibu gemu zote za PlayStation ya kwanza. Tuangalie lakini kwamba uoanifu wa gemu hauleti lazima uoanifu wa vidhibiti: PlayStation 5, iliyotoka mwaka 2020, hukipokea kidhibiti cha PlayStation 4 kwa gemu za PlayStation 4, lakini si kwa gemu zilizotungwa kwa ajili ya PlayStation 5 yenyewe. Kizuizi hicho si cha plagi. Ni cha uamuzi wa mtengenezaji.

5. Vifaa vya nyongeza na idhini

Ipo nyongeza moja iliyopata umaarufu, Game Genie, iliyobuniwa Uingereza na kampuni ya Codemasters na kuuzwa Marekani na kampuni ya Galoob. Ilichomekwa kati ya kaseti na mtambo wa Nintendo, ikamwezesha mchezaji kubadili mambo fulani, kwa mfano kuongeza idadi ya maisha ya mhusika wake. Haikuwa na leseni ya Nintendo. Ilioana kabisa na mtambo. Iliuzwa kwa jina lake yenyewe. Nintendo ilipata zuio la muda dhidi yake, lakini mahakama ziliamua mwaka 1991, na rufani mwaka 1992, kwamba haikukiuka hakimiliki. Na Galoob ikalipwa fidia ya dola milioni 15 kwa sababu ya muda iliozuiwa kuuza. Tujiulize sasa: mfasiri angeiitaje? Si bandia, maana haikujisingizia jina la mwingine. Si haramu, maana mahakama iliikubali. Ni kifaa kisicho na idhini ya mtengenezaji, basi.

Katika miaka ya karibuni kitasa kimehamia kwenye vidhibiti. Mwaka 2023 wenye mitambo ya Xbox waliochomeka baadhi ya vifaa walianza kuona ujumbe uliosema kwamba kifaa hicho hakina idhini, na kwamba kingezuiwa kuanzia tarehe 12 Novemba mwaka huo. Plagi zilikuwa zilezile, na vifaa vilikuwa vikifanya kazi hadi siku ile. Wapo waliounga mkono hatua hiyo kwa kuwa baadhi ya adapta zilitumiwa kudanganya katika mashindano. Lakini watu wenye ulemavu wa mikono, ambao baadhi yao hutegemea adapta ili waweze kucheza, waliingiwa na wasiwasi. Kampuni hiyohiyo, Microsoft, ndiyo iliyotoa mwaka 2018 kidhibiti maalumu cha watu wenye ulemavu, chenye matundu 19 ya kuchomekea swichi za namna mbalimbali. Kwa watu hao, tofauti kati ya "hakioani" na "hakina idhini" si ya kamusi. La kwanza humaanisha kwamba fundi anaweza kutafuta adapta. La pili humaanisha kwamba anayepaswa kuombwa ni mtengenezaji.

6. Makundi manne

Madukani kwetu kila kitu ni "orijino" au "feki". Maneno hayo mawili hayatoshi. Kifaa chochote cha nyongeza chaweza kuwa katika mojawapo ya makundi haya:

(a) kilichotengenezwa na mwenye mtambo, au kwa jina lake na kwa agizo lake;
(b) kilichotengenezwa na kampuni nyingine kwa jina lake, kwa idhini ya mwenye mtambo, kama vile vidhibiti vya kampuni ya Hori ya Japani vyenye idhini ya Nintendo;
(c) kilichotengenezwa na kampuni nyingine kwa jina lake, bila idhini hiyo;
(d) kilichobandikwa jina au alama ya mwingine bila haki.

Kundi la (d) peke yake ndilo linalostahili kuitwa "bandia". Neno hilo lina uzito wa kisheria: Tanzania Bara ina Sheria ya Alama za Bidhaa tangu mwaka 1963, na Kenya ilitunga mwaka 2008 sheria mahsusi ya kupambana na bidhaa bandia. Mtumishi wa forodha akiandika "bandia" katika taarifa yake, ameanzisha jambo litakaloweza kufika mahakamani. Asiliandike kwa kifaa cha kundi la (c) kwa sababu tu hakina nembo ya idhini. Kifaa hicho chaweza kuwa kizuri au kibaya, chaweza hata kuwa kimevunja haki fulani. Lakini hayo ni maswali ya kuchunguzwa, hayajibiwi na jina.

7. Mapendekezo

Kwa kuzingatia maelezo hayo, tunapendekeza istilahi zifuatazo:

Gemu: mchezo uchezwao kwa programu na kuonekana katika kioo.
Mtambo wa gemu: kifaa kilichoundwa hasa kwa kuendesha gemu.
Kidhibiti: kifaa anachokitumia mchezaji kuiongoza gemu.
Kifaa cha nyongeza: kifaa kinachoongezwa kwenye mtambo, si kipuri.
Leseni ya mwenye haki: mapatano ambayo kwayo mwenye haki humruhusu mwingine aitumie kwa masharti.
Idhini ya mtengenezaji: kukubaliwa kwa kifaa au gemu na mwenye mtambo.
Uoanifu: uwezo wa vitu viwili kufanya kazi pamoja, waweza kuwa wa umbo au wa utendaji, kamili au wa sehemu.
Uoanifu na matoleo ya awali: uwezo wa mtambo mpya kuendesha gemu za mtambo uliotangulia.
Chipu ya kitasa na chipu ya ufunguo: chipu zinazotambuana ili mtambo uikubali kaseti au kifaa.
Ufumuaji wa programu: kuichambua programu iliyokwisha kuundwa ili kujua ilivyoundwa.
Bandia: chenye jina au alama ya mwingine bila haki.

Pamoja na istilahi hizi tunatoa kanuni moja: neno "leseni" au "idhini" lisiachwe peke yake. Kila linapotumika, mfasiri amtaje anayetoa. "Leseni ya serikali" na "leseni ya Nintendo" hazitachanganywa na msomaji yeyote. "Leseni" tupu itachanganywa daima.

Kwa hiyo ile sentensi iliyotufikia tuliirudisha hivi: "Tumia vifaa vya nyongeza vyenye idhini ya mtengenezaji wa mtambo huu pekee." Mfasiri alituandikia baadaye kwamba ni ndefu kupita nafasi iliyoachwa katika karatasi. Tulimshauri apunguze ukubwa wa herufi.

Tunawaomba walimu, wafasiri na watumishi wa idara zinazohusika watuletee maoni yao, hasa juu ya "uoanifu" na "ufumuaji", na majina mengine wanayoyasikia vibandani na bandarini, ili yapimwe kabla ya kusanifishwa.